Mlango wa Shaba wa Wanawake wa Manika

Kabla ya yote, vueni pete. Na saa, na bangili, na zile kucha za kubandika ambazo mmoja wenu amezificha chini ya meza akidhani sioni. Sisemi hivyo kwa ajili ya utawa. Mama Kabulo, mwenzetu wa tangu mwanzo, alikataa kuvua pete ya ndoa kwa sababu mumewe angefikiri vibaya. Nyundo ikateleza, ikaigonga pete ikawa na umbo la haragwe, na kidole kikanaswa ndani. Tulimpeleka gereji. Fundi wa magari aliikata kwa msumeno huku sisi tukiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili Kabulo asisikie mlio. Jioni akamkabidhi mumewe vipande viwili ndani ya leso. Mume akavitazama, akauliza, "Sasa weye unaniacha, ao mi nimeachwa zamani?"

Tangu siku hiyo pete zinatundikwa kwenye msumari ule mlangoni. Nendeni mkatundike, halafu mrudi mkae.

Mimi ni Mama Numbi. Nimestaafu, maana yake sipokei oda tena, nakuja tu kuwasumbua. Nilizaliwa Lubudi, baba yangu akifanya kazi ya reli, nikaolewa hapa Kolwezi. Maisha yangu yote nimepiga mukuba. Ninyi mliosoma mnasema shaba, na zamani hata jimbo letu liliitwa hivyo. Juu ya bati lake nimepiga picha za wanawake wanaotwanga, picha za tembo, picha za bwana mmoja aliyetaka achorwe bila kitambi. Nyundo ilinishika mkono kupitia mtu mmoja, Mama Ngalula, na bila kumjua yeye hamtaelewa kwa nini hapa ndani tunafanya mambo kama tunavyoyafanya.

Ngalula alikuwa mrefu, mweusi, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Kazi aliipata kwa kaka yake, fundi wa picha za shaba. Alikuwa anampelekea chakula, anakaa pembeni kusubiri sahani, na macho yake yanafanya kazi. Kaka alipofariki, vyombo vikabaki kwa dada. Wanaume wa ufundi huo walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mama, kama unapiga mukuba, nani atapiga bukari?" Bukari ndiyo ugali, kazi ya mwanamke. Ngalula akamjibu, "Bukari nilisha kupiga asubui, tata. Weye umeisha kupiga nini?"

Akatukusanya sisi wanawake wachache, tukapewa chumba nyuma ya kanisa hapa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi. Wengine tulikuwa Wakatanga, wengine watu wa Kasai kama yeye. Wakati huo hakuna aliyehesabu.

Sasa sikilizeni habari ya moto, kwa maana naona mnaiogopa mbabula, jiko letu la makaa, kama nyoka. Chuma ukikipasha ukakitumbukiza majini, kinakuwa kigumu. Mukuba ni kinyume. Ukiupiga sana unakasirika, unakakamaa, na usipousikiliza unapasuka. Basi uweke juu ya makaa mpaka upate rangi ya mawese, siyo wekundu wa nyanya, halafu uzime majini. Utatoka laini. Ngalula alikuwa anatushika sikio, kweli kabisa, anavuta. "Gusa sikio yako. Sasa gusa tole. Inafanana? Basi, piga." Tole ndilo bati lenyewe, jembamba. Chini yake tunalaza kitanda cha lami iliyochanganywa na vumbi la matofali na mafuta kidogo. Kitanda kikiwa kigumu sana, picha inapasuka. Kikiwa laini kama uji, pua ya mtu wako inazama na hairudi tena.

Na kumbukeni, tunaanzia mgongoni. Unalipiga bati upande wa nyuma ili picha ivimbe mbele, kisha unaligeuza na kulisafisha usoni. Ndiyo maana maandishi ya nyuma lazima yaandikwe kinyume. Mimi oda yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa neno moja tu, KARIBU, la kutundikwa kwenye duka. Nikaliandika vizuri, herufi nono, nikaligeuza kwa furaha. Halikusomeka. Herufi zote zilikuwa zimenipa mgongo. Mwenye duka alikataa hata kuligusa. Nililia mpaka Ngalula akanihurumia, akalibeba kwapani, akaenda nalo hadi kwa kinyozi wa sokoni. Kinyozi alilitundika ukutani kuelekea kioo. Mteja akikaa kitini, akitazama kiooni, anaona nyuma yake limeandikwa sawasawa: KARIBU. Watu walikuja kunyolewa kwa ajili ya kuona ajabu hiyo. Ngalula akaniambia, "Ona, tole haina makosa. Ilikuwa inatafuta tu kioo yake."

Palikuwa pia na sista mmoja Mwitaliano, mzee, aliyekuja alasiri kutufundisha kufuma. Kufuma kulitushinda, yeye akabaki kwa ajili ya hadithi. Alitoka katika mji wa zamani sana wenye makanisa yaliyojaa picha, na alipenda kutusimulia juu ya mafundi wa huko, karne na karne zilizopita, kabla mzungu yeyote hajakanyaga Katanga. Mtu tuliyempenda zaidi alikuwa binti wa sonara. Sista alimsimulia kidogo kidogo, kila siku kipande, nasi tukipiga taratibu ili tusikie.

Binti yule alikuwa anapuliza moto wa baba yake. Baba mkono ukaanza kutetemeka kwa uzee, na kanisa kuu lilikuwa limemwagiza kikombe cha fedha. Binti akafunga dirisha linaloelekea barabarani, akakifanya yeye. Alichora mizabibu kuzunguka kikombe, na katikati ya majani akaweka konokono mdogo, kwa sababu alipenda konokono. Mji mzima ukasema, "Tazama, mzee bado ana mkono wa kijana!" Chama cha mafundi kikampa mzee kofia ya heshima.

"Na binti?" Ngalula akauliza.

"Alifurahi kwa baba yake," Sista akasema.

"Nauliza jina. Jina yake waliandika wapi?"

Sista aliweka chini sindano zake. "Mwanamke hakuruhusiwa kuandikwa katika chama, mama. Liliandikwa la baba."

Ngalula hakucheka siku hiyo. Aliendelea kupiga, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Shiye tutaandika."

Nafasi ya kuandika ilikuja wakati ambao kila kitu kilikuwa kinaanguka. Sehemu ya mgodi wa chini iliporomoka, kampuni ikalegea, mshahara ukachelewa mpaka ukawa kitu cha kusimuliwa. Wageni waliokuwa wananunua tembo wetu walifunga masanduku. Hapo Padri wa parokia akatuletea matole makubwa ambayo kanisa lilikuwa limepewa zamani, akasema tumfanyie mlango wa kanisa. Alitaka Arusi ya Kana, ile ya Injili ambapo Yesu aligeuza maji kuwa divai.

Ngalula aliichora arusi ya kwetu. Wanawake wanafika na mabeseni ya maji kichwani. Bwana harusi amevaa suti inayombana. Wazee wameketi na vikombe vya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Padri akakuna kidevu. "Lakini Mama Ngalula, Kana walikunywa divai."

"Divai ilikuwa imeisha, mon père. Ndiyo shida ya ile arusi."

Padri akaenda zake akicheka peke yake. Tukaanza kazi. Chini kabisa, upande wa kulia, Ngalula alipiga jina kabla hata ya kumaliza picha, kwa herufi za kinyume ambazo alizikagua mara nyingi huku akinitupia jicho: NGALULA NA BANAMUKE BENZAKE. Vitu vyote vikawa tayari isipokuwa uso wa bibi harusi. Aliuacha wa mwisho, kama mtu anavyoacha kipande cha nyama.

Kisha yakaja maneno. Mwanzoni yalikuwa maneno tu, ya mikutano na ya barabarani: kwamba watu wa Kasai wametula, warudi kwao. Ninyi hamkuwepo, kwa hiyo niwaeleze: baba zao waliletwa kwa treni kuja kuchimba mukuba, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Baada ya maneno wakaja vijana wenye fimbo, nyumba hadi nyumba. Vitanda vikatupwa nje. Asubuhi moja Ngalula aliingia kazini na godoro kichwani, akaliweka kwenye kona, akavua pete, akaitundika.

"Banasema nirudi kwetu," akasema. "Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa hapa. Kasai naijua tu kwa mudomo ya baba."

Kabulo alisema tumfiche, chumba kile kina dari. Ngalula akakataa. Watoto wake na mama yake mzee walikuwa wamekwisha kupelekwa stesheni pamoja na maelfu ya wengine, kusubiri mabehewa. "Nitajificha juu ya dari, na batoto banalala chini ya mvua? Hapana." Akachukua nyundo yake na patasi, akafunga kwenye kitenge, akavaa pete, akabeba godoro lake, akatoka kupitia mlango wa mbele.

Nilipofika stesheni kumtafuta, sikumwona mtu ninayemjua, niliona turubai na moshi tu. Familia zilikaa pale majuma kwa majuma zikingoja treni. Watoto walikufa kwa surua na kuhara. Nimelisema mara moja, na hilo mtaniwia radhi, sitalirudia.

Nikamkuta Ngalula amekaa juu ya reli ya pembeni ambayo haikutumika, anapiga. Alikuwa amepata pipa la mafuta lililotoboka, analikata kufanya mbabula. Watu wote hawa, alisema, wamefukuzwa bila chombo cha kupikia, wanasongamana kwenye moto wa mawe, watoto wanaungua. "Mi ni fundi, ao mi ni mizigo?" akaniuliza. Nikarudi Manika kuwaita wenzangu.

Kuanzia hapo kazi yetu ilihamia stesheni. Tulipiga mbabula, vifuniko, vikombe vya makopo vyenye mikono. Ufundi wa tembo na mabeseni ukageuka ufundi wa mfuniko unaofunga sawasawa, na nawaambieni mfuniko ni mgumu kuliko tembo. Tembo akipinda kidogo hakuna anayejua.

Njiani vijana waliweka kizuizi. Siku moja nilikuwa mbele na kapu la nyundo, Kabulo ananifuata mbali kidogo na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani. Kijana aliyenyoosha fimbo alikuwa Didier, mtoto wa Kabulo mwenyewe. Sikujua kama mama yake anajua.

"Mama Numbi, ndani ya kapu muko nini?"

"Nyundo."

"Za kupiga nani?"

"Za kupiga bati. Lakini bado asubui, siku haijaisha."

Wenzake wakacheka, yeye akakaza uso. "Munabapelekea bilulu chakula. Tunajua." Bilulu ni wadudu. Hivyo ndivyo walivyowaita watu.

"Chakula siyo yangu," nikasema. "Ile sombe, mama yako ndiye amepika. Muulize, anakuja."

Kabulo akafika. Hakupiga kelele. Alimtazama mtoto wake kuanzia viatu hadi kofia, kama mtu anayekagua bati kabla ya kulinunua. Kisha akaitua sufuria na kumwekea mikononi.

"Didier. Shingo inaniuma. Beba."

Nilidhani ataitupa chini. Wenzake wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu, kwa kuwa kila mmoja wao ana mama. Didier akaegemeza fimbo ukutani kama mtu aliyeisahau, akaibeba sufuria hadi stesheni, na pale Ngalula alimpokea kwa sauti kubwa, "Aksanti, mutoto wa Kabulo! Umekuwa mukubwa!" kana kwamba amekuja arusini. Kesho yake hakuwepo kizuizini. Wengine walikuwepo, nasi tukazunguka kwa njia ya reli.

Katika siku zile za kungoja, Ngalula alinifundisha uso. Alijua treni itafika kabla hajamaliza uso wa bibi harusi mlangoni. Tulitumia vifuniko vya makopo ya maziwa. Andikeni hili, sijui kama kitabu chochote kinalo: uso wa mwanamke hauanzii machoni. Unaanzia shavuni. Ukipata shavu, pua inajua pa kukaa, mdomo unafuata. "Macho utaweka mwisho," alisema. "Ukianza na macho, itakuangalia, na utaogopa kuipiga." Niliharibu vifuniko vingi. Nilitoa nyuso za watu wenye jino linalouma, nyuso za mbuzi, na moja iliyofanana na Padri hata watoto wa stesheni wakaiamkia.

Treni ilifika adhuhuri, mabehewa ya mizigo. Tulimsukuma mama yake mzee juu, tukapitisha watoto, godoro, mbabula. Ngalula alipanda mwisho. Mimi nilisimama chini nikilia, na kwa sababu nimesikiliza hadithi nyingi, nilifikiri sasa atanyoosha mkono na kuniachia nyundo yake. Hata nikafungua kiganja.

Akakitazama kiganja changu. "Unataka nini? Nyundo yangu?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Numbi! Nunua yako!"

Na kicheko kile kikatoka, watu wa behewa zima wakageuka, nami nikacheka huku makamasi yakinitoka, mpaka treni ikaondoka kuelekea Lubudi na sikuweza kumwona tena.

Nilinunua yangu. Nikakaa mbele ya bibi harusi asiye na uso, nikaanza na shavu. Sikupanga kufanya sura ya mtu fulani. Lakini shavu likawa pana, mdomo ukafunguka, na nilipofika machoni nilijua nani ananiangalia, na kweli niliogopa kupiga. Bibi harusi wa Kana, mlangoni pale, anacheka meno nje.

Ndipo akaja Tata Kabwe, rais wa kamati ya parokia, aliyekuwa kapita, yaani msimamizi, wa magari makubwa ya mgodini. Hakuujali uso. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja chini kulia. "Hii jina ya Mukasai haiwezi kubakia ku mulango ya kanisa yetu. Batu batasema nini? Muitoe."

Wanawake wote wakanitazama. Siku zile mtu alichomewa nyumba kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Tata," nikasema, "mukuba siyo ubao wa shule. Kilichopigwa kimepigwa. Kama unataka mulango bila jina, utuletee matole mapya, tuanze tena."

Kabulo akadakia, "Na ikuwe ya kampuni, tata. Ile nyembamba."

Kampuni ilikuwa haina hata msumari. Tata Kabwe alijua hivyo kuliko sisi. Akamgeukia Padri, Padri akaziinamia herufi, akasema kwamba yeye haoni kosa lolote isipokuwa munkoyo, na huo ameshausamehe. Mlango ukatundikwa Jumapili.

Sasa ninyi, wanafunzi wangu, mnajua vizuri kwamba herufi zinafutika. Unapasha moto, unalaza, unapiga kwa nyundo ya mbao, mpaka panakuwa laini kama sikio. Lakini Tata Kabwe hakuwa mwanafunzi wangu.

Miaka ikapita bila tole. Tukayeyusha aluminiamu ya injini kuukuu, tukamwaga sufuria. Tukapiga majina ya marehemu kwenye misalaba. Mambo yalipotulia na treni kuanza kupita tena, nilipata habari kwa mfanyabiashara mmoja kwamba Ngalula yuko Mwene-Ditu, mzima, bado anasumbua watu. Nikatafuta zawadi. Wenzangu wakasema kitenge. Mimi nikapata, sitawaambia kwa taabu gani, tole moja safi la mukuba, nikalikunja kama mkeka na kupanda nalo treni.

Nilimkuta uani kwake, nywele nyeupe, amezungukwa na wasichana kama ninyi, wote wakipiga mabati ya mapipa, kwa sababu kule mukuba haupatikani. Nilifungua mkeka wangu. Hakuniuliza habari za safari. Hakuuliza watoto wangu. Alipiga magoti, akaligonga bati kwa kucha, akasikiliza, akaliwekea shavu lake pale pale juu ya baridi ya shaba. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikageuka kumwachia nafasi.

Nilidhani angefanya kazi yake kubwa, ile ya kuachia dunia. Nilikuwa nimemletea kwa ajili hiyo. Badala yake akasimama, akaagiza mkasi wa bati, akaanza kukata. Kipande kwa msichana huyu, kipande kwa yule, akizunguka ua wote, wao wakipokea kwa mikono miwili. Bati lote likaisha. Kikabaki kipande kimoja cha pembeni, kimepinda, naye akanitazama mimi niliyesimama na viatu vya safari.

"Na weye unangoja nini?" akasema. "Kaa chini. Gusa sikio."

Nikavua pete, nikakaa kati ya wasichana.